Usiuache mwili wako uzoee kiti

Wakenya tunapenda sana kujisifia miguu ya watu wengine. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 na ushei mjini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, tulishangilia kana kwamba kila mmoja wetu ndiye aliyekata utepe. Halafu tukatoka nje na kuita bodaboda itupeleke dukani kununua maziwa, safari ya hatua 400.

Ukimwuliza mtu wa mjini kwa nini hatembei, aghalabu atakujibu kwamba wale wa Iten na Kaptagat wamezaliwa hivyo, nasi wengine tumezaliwa hivi. Msomaji, jibu hilo ni la uvivu, na ndilo ninalotaka kulipinga leo. Sikatai kwamba kuna vipawa vya kuzaliwa. Watu wawili wakifanya zoezi lile lile kwa muda ule ule, huenda mmoja akapata faida kubwa kuliko mwenzake. Lakini watafiti kutoka Denmark waliowapima wavulana wa Kinandi waligundua kwamba wale wa mashambani, ambao walikuwa wamezoea kutembea na kukimbia, walikuwa na uwezo mkubwa wa kutumia hewa ya oksijeni kuliko wenzao wa jamii iyo hiyo waliokulia mjini. Damu ni moja, miili ni tofauti. Na makundi yote mawili yalipofanyishwa mazoezi ya mbio kwa wiki 12, uwezo wao ulipanda.

Hapa ndipo ulipo msingi wa yote nitakayosema. Mwili wa binadamu si kama gari. Gari likitumika huchakaa, lakini mwili ukitumika kwa kiasi hujijenga, na ukiachwa hubomoka. Haujui kama wewe ni karani au bingwa wa dunia. Unachojua ni kazi uliyoupa jana na juzi, nao unajitayarisha kwa kesho inayofanana na siku hizo. Kwa hivyo anayekaa kutwa hana mwili uliopumzika tu. Ana mwili unaojifunza kukaa, na unajifunza vyema.

MOYO

Tuanze na ngazi. Lifti imeharibika, jambo la kawaida katika majumba yetu, nawe inakubidi kupanda hadi orofa ya nne. Kabla hujafika hata orofa ya kwanza ubongo umekwisha kuuamuru moyo uongeze mwendo. Ukiwa umeketi, moyo husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Kazi ikizidi, moyo wa mtu wa kawaida unaweza kufikisha lita 20 hivi, na ule wa mwanariadha hodari lita 35 au zaidi. Mishipa inayopeleka damu tumboni hujibana, ile ya misuli hufunguka, ili damu iende panapohitajika. Ndiyo sababu ni taabu kukimbia ukiwa umetoka kushiba ugali. Pumzi huenda mbio ili kutoa hewa chafu, joto hupanda na jasho huanza kukutoka kabla hujafika mlango wa ofisi.

Hayo yote ni majibu ya papo hapo, na hutoweka dakika chache baada ya kuketi. La maana zaidi ni yale yanayobaki. Ukizirudia ngazi hizo kila siku, mwili hutambua kwamba jambo hili si ajali. Katika siku chache za kwanza maji ya damu huongezeka, na moyo ukawa unajaa vizuri zaidi kabla ya kila pigo. Baada ya wiki na miezi, chumba cha kushoto cha moyo hupanuka na kuta zake kupata nguvu. Moyo wa namna hiyo hutoa damu nyingi kwa pigo moja, kwa hivyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wa masafa marefu hupatikana na mapigo 40 hivi, na ni wazima kama kigongo.

Kesho asubuhi, kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo yako kwa dakika moja, kisha uandike hesabu hiyo mahali. Ni kipimo cha bure kisichotaka foleni. Ukifanya mazoezi kwa miezi miwili au mitatu uone ilikofika.

Mishipa ya damu nayo hujifunza kulegea. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya kila mara huweza kuteremsha kile kipimo cha juu kwa nukta 5 hadi 8 hivi. Usidhani hiyo ni sababu ya kutupa vidonge ulivyopewa na daktari. Lakini ni faida inayokaribia ile ya baadhi ya vidonge hivyo, na haiuzwi dukani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Wengi hugundua siku wanapoanguka kwa kiharusi.

MISULI

Kila Januari watu hujazana katika vyumba vya mazoezi, wamelipa ada ya miezi 3 na kununua viatu vipya. Kufikia mwisho wa mwezi mashine zimebaki pweke. Nimewahi kuwauliza baadhi yao sababu, na jibu ni lile lile: “Niliumia mwili mzima, nikaona huu si mchezo wangu.”

Laiti wangaliambiwa mapema. Maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi jipya hayatokani na asidi iliyobaki misulini, kama wengi wanavyodhani. Asidi hiyo huwa imeondoka saa moja au mbili baada ya kumaliza. Maumivu hutokana na majeraha madogo mno katika nyuzi za misuli, hasa pale msuli unapofanya kazi huku unanyooshwa, mathalani ukiteremka kilima au kushusha mzigo. Mwili hutengeneza nyuzi hizo, na safari hii huzitengeneza ziwe imara zaidi. Ukirudia zoezi lilo hilo wiki ifuatayo, maumivu huwa ni kidogo sana. Yule anayeacha baada ya siku ya tatu amelipia shida na kuziacha faida dukani.

Jambo jingine linalowavunja watu moyo ni kioo. Wanajitazama baada ya wiki tatu na kuona mkono ni ule ule. Ukweli ni kwamba nguvu za wiki za mwanzo hutoka zaidi katika neva kuliko katika nyama. Ubongo unajifunza kuziamsha nyuzi nyingi za msuli kwa pamoja, nyuzi ambazo zilikuwapo tangu zamani zikilala. Msuli wenyewe huanza kunenepa kwa kuonekana baada ya wiki kadhaa.

Ndani ya msuli kuna mambo ambayo kioo hakitayaonyesha kamwe. Kila seli ina vijiko vidogo vya kuchomea sukari na mafuta, ambavyo wataalamu huviita mitokondria. Mwaka wa 1967 mtafiti wa Marekani, John Holloszy, alitangaza matokeo ya kazi yake na panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa. Uwezo wa vijiko hivyo katika misuli yao ulikuwa umeongezeka karibu maradufu. Kwa binadamu mambo ni hayo hayo, na sambamba nayo huchipuka vishipa vyembamba vya kuleta damu zaidi karibu na kila uzi wa msuli. Ndiyo maana kilima kilichokutoa ulimi Machi unakipanda ukizungumza kufikia Juni. Kilima hakijapungua.

Mifupa pia husikia. Mchezaji wa tenisi aliyeanza utotoni huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono unaoshika raketi kuliko ule mwingine. Wanaanga, kwa upande wao, hupoteza asilimia 1 au zaidi ya mfupa wa nyonga kila mwezi wanapoelea angani bila ya kubeba uzito wao. Akina mama waliokoma hedhi wafikirie jambo hili, maana mifupa yao ndiyo inayopungua upesi.

SUKARI

Ugonjwa wa kisukari umeingia katika nyumba nyingi za mjini, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Baada ya chakula, sukari huingia katika damu, na insulini ndiyo inayoifungulia mlango wa misuli. Kwa mtu anayeanza kuugua ile aina ya pili ya kisukari, mlango huo umekuwa mgumu. Insulini inabisha, mlango haufunguki. Ajabu ni kwamba msuli unaofanya kazi hufungua mlango mwingine wenyewe bila ya kuingoja insulini, na baada ya zoezi, msuli huendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja au mbili. Kwa hivyo matembezi ya robo saa baada ya chakula cha jioni si anasa. Na kwa sababu faida hiyo huisha baada ya siku mbili hivi, mazoezi ya Jumamosi peke yake hayawezi kukulinda hadi Ijumaa.

Upande wa pili wa shilingi ni wa kutisha. Huko Denmark vijana 10 wazima, waliozoea kutembea hatua 10,000 hivi kwa siku, waliombwa watumie gari na lifti hadi hatua zao zipungue kufikia chini ya 1,500. Baada ya wiki mbili tu, miili yao ilikuwa imeanza kuikaidi insulini. Hatua 1,500, msomaji, ni hesabu ya mtu anayetoka mlangoni hadi kwenye gari, kwenye gari hadi kwenye meza, na jioni akarudi vivyo hivyo. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaoishi hivyo kwa miaka 20?

Kama hilo halitoshi, kuna lile jaribio la Dallas, Marekani, la mwaka 1966. Vijana watano wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani kwa wiki tatu bila ya kuwa wagonjwa. Walipoinuka, uwezo wao wa kutumia oksijeni katika kazi ngumu ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta watu wale wale watano, sasa wakiwa wazee wa miaka 50, wamenenepa na kuzama katika shughuli za maisha. Hakuna hata mmoja wao ambaye uwezo wake ulikuwa chini kuliko siku ile alipotoka kitandani. Yaani wiki tatu za kulala zilikuwa zimewaharibu kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya taratibu kwa miezi 6, wakairudia hali waliyokuwa nayo ujanani kabla ya kulazwa.

Tunapenda kuulaumu umri. Umri una makosa yake, lakini mengi tunayombandika si yake.

DEREVA NA MAKANGA

Kuna utafiti mmoja ambao kila abiria wa Nairobi angepaswa kuujua. Mwaka wa 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya orofa mbili. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mara nyingi kila siku akikata tiketi. Watu hawa walikuwa wa tabaka moja, mwajiri mmoja, barabara ile ile. Hata hivyo, madereva walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi ya makondakta, na walipopatwa, walikufa kwa ghafla mara nyingi zaidi.

Wapinzani walisema huenda waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris hakukasirika, akaenda kutazama vipimo vya sare za kazi. Kweli, kiuno cha suruali za madereva kilikuwa kipana zaidi hata kwa vijana. Basi sehemu ya tofauti ilitokana na hilo. Lakini alipolinganisha wapeleka barua waliotembea na wenzao waliokaa ofisini, aliona mambo yale yale. Tafiti nyingi zilizofuata zimekubaliana naye. Mzee huyo alifariki mwaka wa 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Sasa mtazame dereva wako wa matatu, aliyeingia kwenye usukani alfajiri na ambaye atashuka usiku, chakula chake chipsi na soda. Halafu mtazame makanga anayeruka, kukimbia na kuning'inia mlangoni. Sisemi umwige yule wa pili, maana gurudumu halina huruma. Ila ukijiuliza mwili wako wa ofisini unafanana na wa nani kati ya hao wawili, utapata jibu bila ya kwenda maabara.

Hapa lazima nizuie ulimi kidogo. Ule uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha pia kwamba Wakenya wasiofanya kazi ya kutosha ya mwili walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Wengine watauchukua ushahidi huo na kusema hatuna tatizo. Hesabu hiyo ya taifa zima imebebwa na mkulima wa Kakamega, mama anayeteka maji Kitui, na maelfu wanaotembea alfajiri kutoka Mukuru na Kibera hadi Eneo la Viwandani kwa kukosa nauli. Karani wa Upper Hill amejificha nyuma ya migongo yao.

Wala simwambii mchukuzi wa Gikomba au hamali wa bandari ya Mombasa kwamba amebahatika. Mwili haujengeki wakati wa kazi. Hujengeka baadaye, ukiwa umelala na umekula. Anayebeba magunia saa 10 kwa siku, akala mara moja na kulala saa 5, anauvunja mwili kila siku bila ya kuupa nafasi ya kutengeneza. Watafiti wa siku hizi wameona kwamba kazi nzito ya kulazimishwa haileti faida ile ile ya moyo inayoletwa na mazoezi ya hiari. Anachohitaji mtu huyo ni malipo bora na mapumziko.

Visingizio vingine vina ukweli. Viwanja vya watoto vimenyakuliwa. Njia za waendao kwa miguu zimekaliwa na magari na bodaboda, na jioni mwanamke akitembea peke yake ana haki ya kuogopa. Serikali za kaunti zinazojenga barabara bila ya kumfikiria atembeaye zinatuletea wagonjwa hospitalini, nami ningependa madiwani waulizwe jambo hilo wanapoomba kura. Lakini ngazi za ofisini hazikunyakuliwa na mtu.

WAZEE

Nisiwasahau wazee, maana katika nyumba zetu tumezoea kuwaambia, “Kaa tu, mama, nitakuletea.” Tunadhani ni heshima. Mwaka wa 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio katika nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, na watu 10 dhaifu wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwainulisha vyuma kwa miguu, vizito kwa kadiri ya uwezo wao, kwa wiki 8. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa asilimia 174 kwa wastani, na wawili wakaacha bakora. Basi mwache mama ainuke kitini mwenyewe, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, nawe usimame karibu.

Kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu ya hizo yakiwa mazito, pamoja na siku mbili za kutumia nguvu za misuli. Zamani ilisemwa kwamba zoezi la chini ya dakika 10 halihesabiwi. Sharti hilo limeondolewa. Kushuka kwenye matatu kituo kimoja kabla ya chako kunahesabiwa. Mitungi ya maji unayoibeba kanjo inapoyakata maji inahesabiwa vile vile. Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Anza kwa kidogo kuliko unavyotamani, kwa kuwa moyo na mapafu huzoea upesi kuliko magoti na kano, na wengi huumia wiki ya nne wakidhani wamekwisha iva. Ukienda pwani ukitoka Nairobi, ungoje siku 10 hadi 14 kabla ya kukaza, hadi mwili ujifunze kutoa jasho mapema na kutunza chumvi yake. Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia, au mwenye kisukari na shinikizo la damu lisilotulizwa, aonane na daktari kwanza. Na ukipatwa na malaria au homa nyingine yoyote, lala. Mazoezi ukiwa na homa yanaweza kuudhuru moyo, na kile utakachopoteza kwa wiki moja utakipata tena katika wiki mbili.